Gari la King'ora Halitulii

Baba mkwe wa fundi alikuwa mtu wa kujisifu, na watu walimwachia ajisifu, kwa sababu alikuwa na cha kujisifia. Aliendesha gari la wagonjwa mpaka akastaafu bila kugonga hata kuku. Jina la King'ora alipewa na manesi, likamganda, hata mkewe akawa analitumia siku za hasira. Alipostaafu akanunua gari la zamani lenye tabo, lile dude linaloisukumia injini hewa kwa nguvu mpaka inapiga mluzi ukikanyaga mafuta. Mluzi ule ndio uliomtoa pesa mfukoni. Alisema gari lisilopiga mluzi ni kochi lenye matairi.

Fundi mwenyewe alikuwa mke wa mwanawe. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika gereji ya watu, akachoka kuambiwa "dada, niitie fundi", akatoka akafungua yake: kiwanja chenye ukuta upande mmoja, paa la mabati, shimo la kushukia chini ya magari na meza ya chuma iliyojaa mikwaruzo. Aliyemtangaza ni King'ora. Alizunguka mtaa mzima akisema mkwe wangu ana mikono, mpelekeeni magari yenu, na watu walimwamini kwa kuwa la kwake waliliona likipita na mluzi wake. Ndiyo maana lilipoanza kuzimika mbele za watu, aliyeaibika kwanza alikuwa fundi.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa huu. Likiwa mwendoni, halina neno. Likisimama, injini ikaachwa ijiendeshe yenyewe bila kukanyagwa mafuta, hali ambayo mafundi huiita sailensa, vituko vinaanza. Sauti inapanda, inashuka, inapanda tena, usukani unatetemeka, kisha injini inazima kwa kwikwi. King'ora alizimikiwa mbele ya duka la dawa. Akazimikiwa kwenye taa za barabarani, akapigiwa honi na vijana ambao, kwa maneno yake, yeye alikuwa barabarani baba zao wakiwa bado wanapakatwa.

Mara ya kwanza fundi hakubabaika. Injini ya aina ile huipima hewa inapoingia, kisha inatoa mafuta kwa kadiri ya hewa hiyo. Hewa nyingine ikipenya njiani kupitia mpira uliotoboka, hesabu inavurugika, na hapo ndipo mafundi husema gari linavuta hewa. Lenye tabo lina balaa la ziada, kwa sababu tundu lile lile linalovuta hewa gari likiwa limetulia ndilo linaloitema ukikanyaga mafuta. Fundi alichukua kopo la dawa ya kusafishia kabureta, akaiacha injini ikinguruma, akawa anapuliza kidogo kidogo kwenye kila ungio la mpira huku ametega sikio. Alipofika kwenye kampira kembamba nyuma ya injini, sauti ikanyanyuka ghafla. Dawa ilikuwa imevutwa ndani. Akabadilisha kampira, gari likatulia, King'ora akaenda zake akipiga mluzi pamoja na tabo.

Haukupita muda, likarudi. Safari hii ulikuwa mpira mwingine, upande wa pili. Akabadilisha. Likarudi tena. Mpiga rangi wa kiwanja cha jirani, mtu mwenye maneno mengi kuliko kazi, alianza kuliita gari lile mpangaji.

"Mpangaji wako kaja," alisema asubuhi ile, King'ora alipoingia taratibu huku injini ikikohoa.

"Shikamoo baba," fundi alisema.

"Marahaba. Limerudi."

"Limerudi tena?"

"Wewe unaniona nimekuja kwa miguu?" King'ora alishuka akishikilia mlango. "Halitulii kabisa. Na breki nayo leo imeninunia. Mkwe, hebu niambie kama mtu mzima. Limekushinda?"

"Halijanishinda, baba."

"Ukishindwa sema, hakuna atakayekupiga. Maana Jumamosi nampeleka mjukuu wangu shule. Sitaki linizimikie njiani nikiwa na masanduku yake."

Mjukuu huyo alikuwa binti wa fundi, mtoto wake wa pekee, anayesoma bweni. Kila shule zikifunguliwa, babu ndiye aliyempeleka, na haikuwa kazi ambayo mtu mwingine angethubutu kuiomba.

"Jumamosi litakuwa tayari," fundi alisema, kwa sauti ya juu kidogo ili mpiga rangi naye asikie.

King'ora alipoondoka, fundi hakugusa boneti. Alitaka kwanza kulisikia gari likiwa barabarani, akaingia, akaelekea kwenye mteremko unaoshukia barabara kuu. Alikanyaga breki mara ya kwanza, ikakubali. Mara ya pili ilikuwa nzito. Mara ya tatu ilikuwa jiwe. Mbele palikuwa na lori la mchanga limesimama na mama mmoja anavuka na beseni. Fundi alisimamia breki kwa miguu yote miwili, akavuta na ya mkono, gari likaburuzika na kusimama likiwa limeshaingiza pua barabara kuu. Mama wa beseni alimtukana vizuri tu, tusi refu lenye ukoo mzima ndani yake. Fundi aliinua mkono kumwomba radhi, akageuza gari.

Alirudi polepole sana, akafungua boneti. Breki za gari hukanyagika kirahisi kwa sababu injini inazisaidia, inavuta hewa kupitia mpira mmoja mnene unaokwenda kwenye busta ya breki. Mpira ukivuja, msaada unaisha na mguu unabaki peke yake. Aliufuata mpira ule kwa kidole mpaka unapoungana na injini, akalegeza klipu, akauchomoa, akaugeuza. Chini, mahali ambapo jicho halifiki, palikuwa na mkato.

Mpira ukizeeka hupasuka kwa vijistari vingi, kama kisigino kisichopakwa mafuta. Huu ulikuwa na mstari mmoja, ulionyooka, na kingo zake ziling'aa. Fundi alikwenda kwenye pipa la takataka, akaokota mipira ile ya zamani aliyoitupa, akaigeuza mmoja mmoja. Yote ilikuwa na mkato wa aina hiyo hiyo, chini, karibu na klipu. Alijiona mjinga. Alikuwa amebadilisha mipira kwa haraka ya mtu anayetaka kusifiwa, asitazame hata mmoja umekufa kwa ugonjwa gani.

Gari lilikuwa linalala nyumbani kwa wakwe, ndani ya geti. Na ndani ya geti lile alikuwamo mtu mmoja tu aliyeshika wembe kila siku.

Fundi alimkuta mama mkwe kwenye cherehani, chumba cha mbele, anafumua mshono wa gauni lililombana mwenyewe. Alikuwa anakata nyuzi kwa wembe, tik, tik, bila hata kutazama. Fundi aliamkia, akaitikiwa, akakaa juu ya kigoda, akatoa mipira yote iliyokatwa mfukoni na kuiweka juu ya kitambaa.

Mama mkwe aliitazama. Hakuigiza mshangao, na kwa hilo fundi alimheshimu.

"Ni mimi," alisema. "Ulitaka nifanyeje? Haoni."

"Nani haoni?"

"King'ora haoni! Juzi kayaamkia mashati ya jirani yaliyoanikwa kambani. Kasema habari za asubuhi, akasimama anangoja, kisha kaja ndani ananiambia majirani siku hizi wamejaa kiburi. Chai anamimina pembeni ya kikombe halafu anasema meza imepinda. Nikimwambia twende kwa daktari wa macho, ananiuliza nani kati yetu alikuwa anaendesha usiku na mvua wagonjwa wakiwa nyuma. Nimemwambia mumeo, kasema mama, baba analijua gari." Aliweka wembe chini. "Basi nikaona kama mtu hazuiliki, gari litazuilika."

"Ulijuaje pa kukata?"

"Alinionyesha mwenyewe. Si unamjua kwa kujisifu? Siku aliyolinunua alinisimamisha jua kali, boneti wazi, akanipa somo zima. Kasema mke wangu, injini hii ni kama bibi harusi, hata kampira kama haka kakitoboka, haitulii. Nikakumbuka. Nikawa nakata kidogo, wewe unatengeneza. Nakata, unatengeneza. Mwanangu, una mikono kweli, ulinichosha. Jana nikakata mkubwa."

Fundi alichukua ule mpira mnene, akaushika katikati yao.

"Mama, huu ni wa breki."

"Si wa hewa?"

"Ni wa hewa. Hewa ya breki. Leo kidogo niingie chini ya lori."

Mkono wa mama mkwe ulikwenda kwenye gauni, ukaanza kulikunja, ukalikunja mpaka likawa dogo kabisa. Kisha akalia, kilio kisicho na sauti, mabega tu. Fundi alimshika. Alikuwa amekuja na hasira, akazitafuta asizione.

"Liache life," mama mkwe alisema mwishowe. "Sema injini imekufa."

"Nitaona cha kufanya, mama."

Lakini hakuwa ameona chochote. Alirudi gereji akiwa na mambo mawili yanayomkaba. Akilitengeneza, Jumamosi binti yake ataketi mbele, pembeni ya mtu asiyetofautisha jirani na shati. Asipolitengeneza, jina alilolijenga litafutika kwa mdomo ule ule uliolitangaza. La tatu, la kumwambia baba mkwe waziwazi kwamba haoni, hakuliweka hata kwenye hesabu. Kuna maneno ambayo mkwe hamtamkii baba mkwe, na hilo lilikuwa la kwanza kati ya hayo. Aliamua kufanya nusu. Ataurudisha mpira ule uliokatwa mahali pake, atamwonyesha mzee unavyovuja, atasema gari si salama mpaka kipatikane kifaa fulani cha mbali, na Jumamosi itapita. Ya baadaye yatajijua yenyewe.

Alasiri King'ora alikuja, kwa miguu safari hii, akipita karibu sana na ukuta.

"Umepaona panapovuja?"

"Nimepaona, baba. Kuna namna ya kuonyesha. Naingiza moshi kwenye injini ikiwa imezimwa, halafu unatokea pale penye tundu."

"Nionyeshe. Nataka kuona kwa macho yangu."

Mtambo wenyewe fundi aliuunda kwa kopo la rangi: ndani mafuta mepesi na utambi, plagi ya kupashia moto injini za dizeli ya kuuunguza utambi, na bomba linaloleta upepo kidogo kutoka kwenye kompresa, lenye koki ya kufungulia. Aliuchomeka mpira wa moshi kwenye injini, akaziba mdomo wa kuingizia hewa kwa glavu aliyoifunga kwa raba. Kopo lilikuwa bado linapata moto. King'ora aliinama juu ya injini, mikono nyuma, uso wa mtu aliyekuja kukagua gwaride.

"Ahaa," alisema. "Nauona. Ule pale, unatokea juu. Mwingi kabisa."

Fundi alikuwa ameshika koki. Ilikuwa bado imefungwa.

Angeweza kuifungua haraka na kusema ndiyo baba, hapo hapo. Adabu yote aliyofundishwa ilimtaka aseme hivyo, na ulimi ulikuwa umeshajiandaa. Moyoni akamwona binti yake amefunga mkanda kwenye kiti cha mbele, anamsimulia babu habari za walimu.

"Baba," alisema, "moshi sijaufungulia."

King'ora hakuinuka. Alibaki ameinama vile vile, anatazama alipokuwa anatazama. Upande wa pili wa ukuta mpiga rangi alikuwa anapiga msasa mlango wa gari na kuimba vibaya.

"Ufungulie basi," King'ora alisema.

Akafungua koki. Moshi ulitoka chini ya mpira wa breki, mweupe, mzito, ukampita mzee usoni. Alikunja pua. Akanyoosha mkono, akaushusha polepole katikati ya mabomba mpaka vidole vikaukuta mpira, vikateremka nao, vikafika. Alipitisha ukucha juu ya mkato, kwenda na kurudi.

"Huu haukupasuka."

"Haukupasuka, baba."

"Kakata mtu aliyezoea kukata mstari." Aliupima unene wa mpira kwa vidole. "Na ni wa breki huu."

"Hakujua kwamba ni wa breki."

King'ora alitafuta kwa mkono kitu cha kukalia, akapata tairi, akakaa. Fundi aliogopa angefoka, angetukana, angeondoka. Hakufanya hata moja.

"Nilimfundisha mwenyewe," alisema. "Juani. Akawa anapiga miayo, nikadhani hasikii." Akacheka kidogo. "Jicho la kushoto lilitangulia. Nikasema la kulia litanivusha. Barabara za hapa nazijua, siendeshi kwa macho, naendesha kwa mazoea. Ndivyo nilivyokuwa najiambia."

"Mama anaogopa, baba. Na mimi naogopa. Ni mwanangu yule."

"Najua ni mwanao. Hupenda kukaa mbele." Alijifuta uso kwa kiganja, juu mpaka chini. "Kwa daktari nitakwenda. Utanipeleka wewe. Lakini nina ombi."

"Sema, baba."

"Mke wangu asijue kwamba nimeushika mpira huu. Akijua najua, hatanitazama tena usoni, atajiona muuaji mpaka azikwe. Na mtaani sitaki waseme King'ora kapokonywa usukani kwa upofu. Wewe sema gari limekushinda."

"Baba, halijanishinda."

"Najua halijakushinda. Ndiyo maana naomba."

Fundi alitazama kopo la rangi, ambalo lilikuwa bado linatoa moshi bila mtu wa kuuangalia. Alikuwa ametarajia mengi ya kuombwa na baba mkwe katika maisha haya, figo labda. Hili hakulitarajia. Akafunga koki.

Siku moja kabla ya safari familia ilikaa sebuleni, na fundi akasema, mbele ya mumewe, mama mkwe na binti yake, kwamba gari limemshinda. Alisema amejaribu kila kitu, injini ni ya zamani, hajui tena pa kuanzia, na mtoto kesho atapelekwa na baba yake. Mumewe alitazama chini. Kabla hajainua uso, King'ora alikuwa ameshasimama.

"Mafundi wa siku hizi!" alinguruma. "Wanabadilisha mipira kama watoto wanavyobadilishwa nepi! Zamani fundi alikuwa analisikiliza gari! Basi, lioze huko huko gereji, sitaki hata kuliona!" Aliendelea hivyo kwa muda mrefu, kwa ufundi mkubwa, na alionekana kulifurahia jambo lile kuliko alivyohitaji. Fundi aliinamisha kichwa. Alijua ni maigizo, na bado kila neno lilimchoma kama la kweli.

Mama mkwe alimfuata jikoni, akamshika mikono yote miwili, macho yamemjaa maji.

"Mwanangu, umejua kumdanganya mzee. Hata hakushtuka."

"Ndiyo, mama," fundi alisema.

Kwa daktari walikwenda, nyumbani ikasemwa wanakwenda kutafuta mnunuzi. La kulia lingeokolewa kiasi, la kushoto halikuwa na tiba, na kuhusu usukani daktari hakuzungusha maneno. Mtaani habari ilienea kama kawaida yake. Fundi yule kashindwa na gari la mkwewe mwenyewe. Wateja wawili watatu walipeleka magari yao kwingine, mmoja akirudi nyuma kwa gia huku anapunga mkono kwa upole, na upole ule ulimuudhi zaidi.

Gari lilikaa kiwanjani linaliwa na vumbi. Siku moja mchana, mpiga rangi alipokwenda kula, fundi alifungua boneti. Akafunga mpira mpya wa breki, akaupitia kila mpira kwa vidole, akakaza kila klipu, akawasha. Sailensa ilishuka hadi pale inapotakiwa, ikakaa. Aliweka kiganja juu ya boneti na hakikutetemeka hata kidole. Alikanyaga mafuta kidogo, tabo ikapiga mluzi wake, safi, hadi mwisho. Alifurahi kiasi cha kutaka kumwita mtu yeyote, hata mama wa beseni, aje asikie.

Nje ya ukuta alisikia mpiga rangi anarudi, anaimba. Fundi akazima. Akainama, akakachomoa kampira kembamba kule nyuma ya injini, akakaweka mfukoni, akashusha boneti taratibu.

"Vipi mpangaji?" mpiga rangi aliuliza, kichwa juu ya ukuta. "Bado?"

"Bado," fundi alisema.